Jaribio Lililotiwa Muhuri

Gongoni, Tabora
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Haikuzidi dakika kumi, lakini imetosha kunyanyua harufu ya vumbi na kuwatoa kumbikumbi. Shamimu ameniletea daftari hili. Nilimwomba lolote, mradi liwe na mistari na kurasa nyingi. Nyuma ya jalada kuna muhuri wa duka: Elieth Steshenari na Huduma za Uchapaji. Nimeligeuza, nikaligeuza tena. Maduka ya madaftari mjini hapa hayahesabiki, na yeye ameingia hilo.

Naitwa Mustafa Awadhi. Nilifundisha hisabati miaka kumi na tisa, kisha nikawa mtu wa kompyuta miaka kumi na mitano, kisha nikastaafu. Nina miaka sabini na minne. Daktari ameniambia moyo umechoka, na alilisema kwa upole, kama anayenieleza habari za mzee mwingine tuliyekuwa tunamfahamu wote wawili. Kuna jambo moja nataka kulisema kabla mvua hizi hazijaisha. Sitegemei kuziona nyingine.

Jumanne, 19 Novemba

Miguu imevimba. Mvua hakuna.

Alhamisi, 21 Novemba

Shamimu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Anakuja asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani yake pale sokoni, anaondoka, anarudi alasiri kunipikia. Katikati tunabaki mimi na saa ya ukutani. Mke wangu, Kuluthumu, ametangulia miaka sita sasa. Watoto wako Dar es Salaam na Mwanza. Wanapiga simu Ijumaa, wanauliza naendeleaje, nawajibu naendelea, na mazungumzo yanaishia hapo.

Leo nimeanza kumwandikia Elieth barua. Nimeianza kama ninavyoanza barua zangu zote, Bismillahi Rahmani Rahimi, ingawa yeye ni Mkatoliki, kisha nikaandika "Binti yangu Elieth". Nimejaza ukurasa mzima. Nimeusoma, nimeuchana vipande viwili, nimeutia kwenye kikapu kilicho karibu na jiko. Shamimu anawashia mkaa kwa karatasi hizo.

Haikuwa barua ya kupelekwa. Ilikuwa ya kujaribu.

Jumatatu, 25 Novemba

Barua ya pili. Nimeichana.

Jumatano, 27 Novemba

Barua ya tatu. Ndani yake nimeilaumu radi. Nimeichana.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa nane mchana, haijakata. Bati linapiga kelele, hata simu nisingeisikia. Siku nzuri ya kueleza jambo lenyewe.

Shirika letu lilikuwa likiandikisha wakulima wa mkoa. Jina lake silitaji, na limeshavunjwa. Mkulima akifariki, mambo matatu yalipaswa kufanyika: taarifa ya kifo iandikwe, shamba lihamie kwa mrithi, jina litoke kwenye orodha ya mbegu na mbolea. Yakifanyika mawili bila la tatu ni balaa. Kwa hiyo kompyuta inayafunga yote katika fungu moja, na fungu hilo tunaliita muamala. Inayashikilia mkononi, na mwisho kabisa ndipo inatia muhuri. Ofisini tulisema "kukomiti". Kabla ya muhuri unaweza kughairi, na hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zote, inabaki kama ilivyokuwa.

Programu yetu tuliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na ilikuwa kubwa. Kila tulipobadilisha kitu ilibidi tuijaribu upya. Juu ya kila jaribio tuliweka amri moja: fanya yote, usitie muhuri. Jaribio linafungua muamala, linamwua mkulima, linahamisha shamba, linakagua kama hesabu zimekaa sawa, kisha linaghairi. Mkulima anafufuka na shamba linamrudia. Unaweza kumwua mara elfu kwa siku na jioni akala ugali wake. Niliwafundisha vijana wa ofisini amri hiyo kama nilivyowafundisha wanafunzi jedwali la kuzidisha, nikiwataka waikariri na wasihoji.

Lakini kulikuwa na sehemu moja niliyoiandika kwa mkono wangu. Mtandao wa vijijini ulikuwa ukikatika katikati ya kazi, muamala unavunjika, na karani analalamika kwamba taarifa za vifo alizoingiza asubuhi nzima zimepotea. Nikaipa taarifa ya kifo muamala wake wenyewe, ndani ya ule mkubwa, wenye muhuri wake wenyewe. Mkubwa ukighairiwa, mdogo unabaki. Karani alinishukuru. Nami nilijisifu.

Novemba 2009 radi ilipiga ofisi na kuunguza seva ya majaribio. Ilikuwa imebaki wiki moja orodha za mbegu zichapwe. Nikasema tuendeshe majaribio kwenye hifadhidata hai, ile yenye watu wa kweli.

"Mwalimu, tusubiri mashine nyingine," Elieth akasema. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, binti wa kijiji kiitwacho Barabara ya Kumi na Tatu, huko Ulyankulu, wa kwanza kutoka kijiji chake kuajiriwa kwetu.

"Tusubiri nini? Jaribio halitii muhuri."

"Hata hivyo, Mwalimu."

"Hata hivyo ni neno la waoga."

Wenzake wakacheka. Macho yangu yalikuwa hayapatani na kioo cha kompyuta, nikamwambia akae yeye, aingie kwa jina lake. Nikamwambia achague watu anaowafahamu, ili tuone upesi kama wamerudi. Akachagua wakulima arobaini na mmoja wa kijijini kwao. Wa mwisho alikuwa Mukeshimana, mama yake, kwa sababu namba yake ya uandikishaji alikuwa nayo kichwani.

Jaribio likapita. Kioo kikaonyesha kijani. Tukakagua mashamba, yote yalikuwa yamerudi. Tukaenda kunywa chai.

Taarifa arobaini na moja za vifo hazikurudi. Zilikuwa zimeshatiwa muhuri wa ule muamala mdogo.

Baada ya siku sita orodha ikabandikwa kwenye ubao wa kijiji, na chini yake kichwa cha habari: Waliofariki. Watu wazima na akili zao wakasimama kwenye matope wakisoma majina yao. Mwaka ule wazee wa Ulyankulu, waliokuja wakikimbia Burundi mwaka 1972, walikuwa wanasubiri majibu ya uraia. Neno likatembea kwamba wale ndio watakaopakiwa kwenye magari na kurudishwa. Mzee mmoja alifunga mizigo yake, akakaa juu yake siku nne. Na wote waliokuwa kwenye orodha walikuwa majirani wa Elieth. Nani mwingine ofisini angewajua kwa majina?

Majina yalisahihishwa baada ya miezi miwili, mbegu zilipokuwa hazina kazi tena. Elieth alifukuzwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilisahau sehemu niliyoiandika mwenyewe.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikwenda msikitini. Nimeswali nimekaa. Barua ya sita.

Jumamosi, 14 Desemba

Shamimu amenipikia uyoga wa mwituni na ugali. Nimekula vijiko vinne, akanihesabia.

"Mjomba, hata njiwa anakushinda."

"Njiwa hana dawa saba za kumeza."

Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, kwa nini alinunua daftari kwenye duka lile.

"La Elieth? Yule dada mstaarabu. Anawajazia watu fomu, hata wazee wasiojua kusoma anawasomea polepole. Ila kitu kimoja, mtu akimpa fomu ya cheti cha kifo, hagusi. Anamwita msaidizi wake aandike."

Nikasema mlenda ulikuwa mzuri.

"Hatujala mlenda, Mjomba. Ni uyoga."

Jumatano, 25 Desemba

Kengele za makanisa asubuhi. Watoto wa jirani wamevaa nguo mpya. Nimefikiria kama Elieth amekwenda kwao. Nilisikia zamani kwamba anakwenda, lakini anafika giza likishaingia na kuondoka kabla hakujapambazuka, ili asionwe na watu. Nilisikia hivyo mwaka 2013, kwa mtu aliyelitaja kama kichekesho.

Barua ya tisa.

Jumapili, 5 Januari 2025

Mvua imekatika wiki nzima. Jua kali. Mahindi ya jirani yamejikunja.

Babu yangu alikuwa mtoto wa mpagazi. Alipenda kutusimulia kwamba msafara ulipoondoka Tabora kwenda Ujiji, kila mzigo uliandikwa na jina la mwenye bega. Mpagazi akitoroka njiani, jina lake lilikatwa, na hata akirudi kwa hiari yake hakuandikwa tena. Alitembea nyuma ya msafara, bila mzigo na bila posho, watu wakimwona na kunyamaza. Utotoni nilidhani ni hadithi ya kutuzuia kutoroka shule.

Jumapili, 12 Januari

Barua ya kumi na tatu. Mwandiko umekuwa wa mtoto wa darasa la pili.

Jumapili, 19 Januari

Tarehe 1 Desemba niliandika kwamba nilisahau. Si kweli, na sina muda wa kubaki na uongo kwenye daftari langu mwenyewe.

Ni kweli nilisahau tulipokuwa ofisini. Lakini jioni ya siku ileile, nikitia udhu wa magharibi uani, maji yakiwa kwenye kiwiko, nilikumbuka. Ilinijia wazi kama jibu la mlinganyo. Muamala mdogo. Muhuri wake. Nilisimama pale mpaka Kuluthumu akaniuliza kama maji yameisha.

Asubuhi ningeweza kufuta taarifa zile kwa mstari mmoja. Mstari mmoja tu. Lakini mfumo wetu uliandika kila anayegusa, na jina langu lingeonekana likifuta vifo arobaini na moja, na ningeulizwa, na ningelazimika kusema kwamba mimi, mwalimu wao, niliendesha jaribio mahali ambapo nimewakataza watu wote kuendesha. Nikasema nitafanya Jumatatu, watu wakipungua. Jumatatu kulikuwa na kikao. Jumanne orodha zilikwenda kuchapwa.

Hata hilo siyo mwisho wake.

Kamati iliyomchunguza Elieth iliniita kama mtaalamu. Walikuwa wanaume watatu, meza yenye kitambaa cha kijani. Elieth alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti akauliza, "Mwalimu, kitaalamu, hii inawezekanaje?"

Nikajibu: "Inaonekana amri ya kughairi haikuwekwa."

Iliwekwa. Niliiona kwa macho yangu. Elieth hakuwahi kuisahau hata siku moja tangu nilipomfundisha. Aligeuka akanitazama, na sikuona hasira katika uso wake. Aliniangalia kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu arudie hesabu kwa sababu amekosea tarakimu. Nami sikurudia.

Nimeiandika hii katika barua ya kumi na tano, yote, mpaka kitambaa cha kijani. Kisha nimeichana. Nimekuwa mtu wa majaribio tu. Kila siku nafungua, nasema kila kitu, kila kitu kinakaa sawa, naghairi. Jioni hakuna kilichobadilika duniani.

Ijumaa, 24 Januari

Mvua imerudi kwa ghadhabu. Barua ya kumi na saba. Nimechoka, sitaandika nyingine.

Jumamosi, 1 Februari

Leo kumetokea jambo.

Saa nne asubuhi nilisikia hodi, nikadhani ni mtu wa maji. Nikaitikia karibu bila kuinuka. Akaingia mwanamke wa makamo, mwavuli unachuruzika, na kopo la biskuti chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sauti niliijua kabla ya uso.

"Marahaba," nikasema.

Alikaa bila kukaribishwa, akafungua kopo mezani. Ndani kulikuwa na barua zangu. Zote kumi na saba, kila moja imeunganishwa kwa gundi ya karatasi pale nilipoichana, zimepangwa kwa tarehe.

"Nimezisoma zote," akasema. "Hazifanani."

"Ndiyo."

"Ya tatu unasema ni radi. Ya saba unasema sote tulikuwa na haraka. Ya kumi na moja, Mwalimu, umenirudishia mimi kosa tena, kwa maneno ya huruma. Ya kumi na tano ndiyo yenye kitambaa cha kijani. Nishike ipi?"

"Ya kumi na tano."

"Haina sahihi."

"Nipe kalamu."

Hakunipa.

"Ile sehemu ya vifo nilijua umeiandika wewe," akasema. "Niliikumbuka wiki mbili baada ya kufukuzwa, nikiwa napepeta mpunga. Nikasema, Mwalimu amesahau, mtu mzima, kazi nyingi. Miaka kumi na tano nimekusamehe kwa kusahau, Mwalimu. Kila nikikuona ng'ambo ya barabara unageuza njia, nasema maskini, hata hajui kwa nini ananikimbia. Sasa naambiwa hukusahau."

Nilimwomba radhi. Nililitamka neno lenyewe kwa mdomo, mbele yake, na nilishangaa jinsi lilivyo jepesi kutoka na jinsi lisivyofanya kazi yoyote.

"Mimi niko sawa," akasema. "Nina duka, nina watoto. Lakini kule kwetu mimi ndiye niliyeuza watu. Mama hajawahi kuniuliza. Ananipikia, ananitazama, haniulizi. Sitaki sahihi yako. Karatasi ndiyo iliyonifikisha hapa. Uje Barabara ya Kumi na Tatu, useme."

"Kwa mvua hii?"

"Kwa mvua hii."

"Moyo wangu, Elieth..."

"Nimeona vidonge hapo mezani. Sijasema uje leo." Akakunja mwavuli, akaacha kopo. "Ila usiniandikie ya kumi na nane."

Shamimu alipokuja alasiri nilimngojea mlangoni. Sijawahi kumpandishia sauti tangu azaliwe.

"Nilikwambia uwashie mkaa!"

"Mjomba, juu ya kila karatasi umeandika jina la Mungu. Niwashie jiko la dagaa kwa Bismillahi? Mama angenitokea ndotoni. Nilikuwa naziweka nizifukie mahali safi."

"Na Elieth?"

"Chini ya jina la Mungu kulikuwa na jina la mtu. Nikasoma moja." Alianza kumenya vitunguu. "Halafu nikasoma zote, nikampelekea mwenye jina. Ukinifukuza, utapikiwa na nani?"

Nilikaa kwenye kiti changu na ghafla nikaanza kucheka, mpaka nikakohoa, mpaka akaja kunishika mgongo. Siku zote sabini nilidhani naghairi. Kumbe ndani ya jaribio langu kulikuwa na mtu mwenye muhuri wake, na nilikuwa nimemsahau tena.

Jumatano, 5 Februari

Nimemtuma Shamimu amwambie Elieth nitakwenda.

Jumapili, 9 Februari

Mto umefunika barabara. Magari hayapiti. Nakiri kwamba nilipopata habari nilifurahi.

Alhamisi, 13 Februari

Bado maji. Kifua kinabana. Mwanangu amepiga simu kutoka Dar, ameambiwa na Shamimu. "Baba, unataka kujiua? Piga simu kwa katekista wao, maliza." Nilimwambia nimeshawahi kumaliza mambo kwa njia ya mkato.

Jumapili, 16 Februari

Ramadhani imebaki wiki mbili. Watu wanaombana radhi mlangoni, kwa mazoea, wakicheka. Jirani yangu Sadiki ameniomba radhi kwa lolote. Nikamwuliza lolote lipi. Akashindwa kutaja hata moja, akaenda zake amefadhaika.

Alhamisi, 20 Februari

Mto umeshuka. Elieth amepata gari, Probox, Jumapili asubuhi; katekista wa kwao atawazuia watu baada ya ibada wanisikilize. Nimeandika upya majina arobaini na moja kutoka kwenye nakala yake. Aliitunza.

Jumatatu, 24 Februari

Naandika nikiwa kitandani. Mkono ni mzito, lakini lazima niandike leo.

Tuliondoka jana saa kumi na mbili na nusu. Mimi nilikaa mbele na dereva, Elieth na Shamimu nyuma. Kwa zaidi ya saa moja dereva alilaani mashimo. Tumbaku ilikuwa imesimama pande zote mbili, majani mapana yanang'aa kwa maji. Mara mbili tulishuka ili gari lipite tope, na mara zote mbili nilishikwa mikono kama mtoto anayefundishwa kutembea.

Kigango, yaani kanisa dogo, cha Barabara ya Kumi na Tatu ni jengo la tofali za kuchoma, mabenchi bila migongo. Ibada ilikuwa imekwisha. Katekista, Leopoldi, alitupokea mlangoni. Ni mwanamume mrefu wa miaka sitini hivi, na alikuwa jina la kumi na mbili kwenye orodha yangu.

"Karibu, mzee. Mimi ni marehemu Leopoldi," akasema. Nyuma yake watu wakacheka. Elieth aliniambia baadaye kwamba ndivyo wanavyoitana wale arobaini na mmoja, marehemu fulani, marehemu fulani, hata harusini. Yeye hakucheka. Alibaki nje chini ya upenu, ingawa manyunyu yalikuwa yameanza.

"Marehemu wote wakae mbele," Leopoldi akatangaza. Wakacheka tena, wakasogea.

Nilisimama nikishika benchi. Niliwaambia mimi ni nani. Niliwaeleza muhuri na kughairi, kwa maneno niliyotumia kufundishia watoto, na nikaona wananielewa. Niliwaambia Elieth alinikataza, nami nikamwita mwoga. Niliwaambia nilikumbuka jioni ileile. Niliwaambia kuhusu kamati, na nilichosema, na kwamba kilikuwa uongo. Ilichukua robo saa. Nimetumia karibu msimu mzima wa mvua kuyaandika, na yalitosha robo saa.

Hakuna aliyecheka sasa. Mwanamume mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Baba yangu alikaa juu ya mizigo siku nne." Nikasema najua. Akasema, "Hujui." Alisema kweli.

Kisha nikatoa karatasi. Nikawaambia kompyuta haikuyarudisha majina haya siku ile, naomba niyarudishe mimi, moja moja. Nikaita la kwanza.

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Nipo."

La pili. "Nipo."

La tatu, kijana akasimama: "Alikufa mwaka 2017. Siyo siku ile." Nikaandika.

"Nsengiyumva Alois." "Nipo, ila goti limekufa." Kicheko kidogo.

Nikafika kwa Leopoldi. Sasa hakufanya mzaha. "Nipo," akasema, akainamisha kichwa.

Niliita arobaini. Ishirini na wanane waliitikia wenyewe. Tisa waliitikiwa na watoto au wajane wao, na kila mmoja alitaja mwaka, kama wanaorudisha vifo vile mahali vilipostahili. Watatu wamehamia mbali, majirani wakasema wako hai. Sauti yangu ilikuwa imebaki uzi.

"Mukeshimana," nikaita.

Ajuza mmoja alikuwa amekaa pembeni ya dirisha, kitenge cha njano kimefunika mabega. Hakuitikia. Alinitazama.

"Nani aliniandika mle?" akauliza.

"Elieth, kwa amri yangu. Nilimwambia achague watu anaowajua. Wewe namba yako alikuwa nayo kichwani."

"Namba gani?"

Sikuwa nayo. Kwenye karatasi niliandika majina tu. Nikaigeuza karatasi mbele ya darasa zima; nyuma ilikuwa tupu.

"Sifuri nne, moja saba, mbili mbili," Elieth akasema kutoka mlangoni.

Ajuza aligeuza kichwa polepole. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tano kumwona mwanawe mchana, mbele za watu.

"Nipo," akasema. Kisha akasogeza kitenge chake ili apate nafasi kwenye benchi. "Ingia basi. Mvua inakunyeshea."

Jumatano, 26 Februari

Sijainuka. Shamimu amelala hapa siku mbili, mkekani.

Elieth alibaki kwao, sisi tukarudi. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungia mlango, akainama dirishani.

"Mwalimu, sijakusamehe."

"Najua."

"Nitakaa mpaka Jumanne. Mama anataka nimpeleke gulioni." Akalisema hilo la gulio kama mtu anayesema jambo kubwa, na lilikuwa kubwa.

Ijumaa, 28 Februari

Wanautafuta mwezi leo au kesho. Nasikia watoto wameanza kupiga kelele barabarani mapema, jua bado liko juu. Mwaka huu sitafunga. Kumbe upweke haukuondoka nilivyodhani. Upo palepale, saa ileile ya ukutani, lakini sasa naweza kukaa nao bila kugeuza njia.

Shamimu ameniuliza kama daftari hili nalo nitalichana. Nimemwambia hapana. Siku atakaponifunika macho, alipeleke dukani kwa Elieth, asome au asisome. Nimelifunga, nikaligeuza, na nyuma ya jalada, chini ya muhuri wake, nimetia sahihi kwa jina langu lote.